Wa Sita

Sharja iko nyuma ya nyumba yetu.
Kutoka Qusais, ukivuka barabara mbili na kituo cha petroli
umekwisha ingia mji wa watu wengine.
Lakini Wijdan alitaka feri,
na mtoto wa miaka saba akishika jambo
ni kupe na ng'ombe.

Basi tukaipa Sharja kisogo ili tuiendee.
Khalfan akashika usukani mpaka Ghubaiba, ananung'unika:
nusu saa nzima ya gari kuufuata mji
ambao alfajiri ya leo nimekwenda kununua mkate!

Mama yake, Bibi Ghania,
alikuja toka Samail kwa ajili ya harusi,
akabaki kwa ajili ya meno.
Hajapanda chombo tangu utotoni.
Hatukumwambia feri. Tulimwambia twende tukatembee,
naye akavaa buibui la kutokea
akatia ndimu tatu mkobani.
— Za nini, Mama?
— Za kunusa.

Dirishani akasema: tiketi sita.
— Tano, Mama.
Akatutazama mmoja mmoja, kama anayekagua mchele.
— Haya. Tano.

Ndani baridi ya bucha.
Viti vya buluu, vioo vimeota chumvi,
televisheni inauza maghorofa ambayo hayajajengwa.
Harith kaziba masikio kwa simu yake.
Bibi kakaa, mgongo kaupa bahari,
ndimu puani,
kidole kinatembea vichwani mwetu:
mmoja, wawili, watatu…
Tulipoipita bandari ya Hamriya akahesabu.
Tulipofika usawa wa Mamzar akahesabu tena.
Kila mara midomo yake ilisimama kwenye sita.
Wijdan akaweka begi lake kiti cha dirishani.
— Ondoa. Pana mtu.

Khalfan akanikonyeza: uzee.
Mimi nikatazama kile kiti.

Sharja, katika nyumba ya samaki,
ndiyo kwanza akapata uhai.
Alisogea kioo kwa kioo kama yuko mnadani:
huyu chewa, wa kukaanga.
Huyu changu. Huyu pono, nyama laini, mtie nazi.
Tasi yule, usimchezee,
mwiba wake utakuliza mpaka Isha.
— Bibi, wanasikia!
— Na wasikie.
Mlinzi, kijana wa Kerala, alicheka bila kujua neno,
na papa mdogo akageuka, akaenda zake.

Kisha ile njia ya kioo,
ambapo maji yanakuwa dari.
Taa iliyeyuka juu yetu, kijani,
taa mtandazo alipita, tumbo lake jeupe
kama shuka linaloanikwa.
Watoto walikimbia mbele.
Bibi alisimama. Akainua uso,
akautazama upande wa chini wa bahari
muda mrefu.

— Kumbe ndivyo alivyoona, alisema.

Khalfan alirudi hatua mbili.
— Nani, Mama?
— Hilali.
Miaka arubaini na tisa ni mwana wa mama huyu
na jina hilo hajapata kulisikia.
— Alikuwa na miaka minne. Mkono wake nilikuwa nao mimi.
Akarekebisha mtandio.
— Hapa hawauzi chai?

Walikuwa nayo. Chai ya maziwa, vikombe vya karatasi.
Alikunywa viwili, akalalamika hiliki.

Wakati wa kurudi hakuna aliyesema kitu.
Harith, yule asiyeinua kichwa hata nyumba ikiungua,
alitoa kile kidude sikioni,
akasogea kiti kimoja,
akaacha cha dirishani.
Bibi alihesabu mara moja tu.
Halafu akageuza mgongo, akaelekea maji,
na ndimu ikamponyoka, ikabingirika chini ya viti
mpaka kwa wageni.

Ghubaiba tuliikuta gari na faini,
dirham mia na hamsini, karatasi imebanwa kwenye wipa.
Siku nyingine Khalfan angemlaani aliyebuni magari.
Aliikunja, akaitia mfukoni.
Akafunga milango, akashika ufunguo, hakuuzungusha.
Katika kile kioo kidogo niliyaona macho yake
yakipita kichwa kwa kichwa, polepole.

Sikumwuliza alifika wangapi.