Uzi Uliozidi

Mikoba elfu moja na mia mbili; Suyun achague themanini.
Si ile ya juu ya boksi, ya juu imepambwa kwa ajili ya mgeni.
Anazamisha mkono hadi kwapani
kama anayekwangua ukoko.

Zipu: mara ishirini kwenda, mara ishirini kurudi.
Mishono: minane kwa inchi, rula haina undugu.
Mpini umening'inizwa kilo kumi za mchanga
tangu asubuhi, na haujalalamika.
Pua yake huijua gundi mbichi
kabla meneja hajaapa kwamba imekauka.

Nje, mvua ya Shiling. Kontena linafungwa saa kumi na mbili.

Mkoba wa sitini na tatu:
kwenye mfuko wa ndani, bitana imeuma kitu.
Anawasha tochi.
Unywele.
Mmoja, mrefu, mweupe pepepe.

Hapa hawaajiri aliyevuka hamsini;
tangazo liko getini, herufi nyekundu.
Na kule laini ya tatu, cherehani ya dirishani,
Bi Ou Guilan ana nywele nyeusi tititi,
nyeusi kama viatu vya siku ya kwanza shuleni,
na nyuma ya sikio, doa la piko.

"Umeona nini?" Meneja Zhan, jicho kwenye saa.

Fomu ina safu tatu: hatari, kubwa, ndogo.
Suyun anauvuta kwa kibano, taratibu, usikatike,
anauzungusha kidoleni mara nne
kama anayejivisha pete,
kisha anaandika, kwenye ndogo:
uzi umezidi.

Wa sitini na nne.
Zipu.