Chetezo cha Riyam

Ijumaa moja kwa mwezi tunaachiliwa, toka asubuhi hadi adhuhuri.
Kusuma hakutaka soko la Matrah, hakutaka duka la simu.
"Twende kwa yule mkubwa," alisema
kwa Kiarabu chetu cha jikoni, kisicho na vitenzi vya kutosha.

Mkubwa yupi?
Tukapanda Riyam, jua likitutoboa utosi,
hadi chini ya chetezo kile cheupe juu ya jabali,
kikubwa kama ghorofa, kisicho na hata chembe ya ubani.

Akavua kandambili.
Saruji ilikuwa kikaango. Akasimama.

Kwao, alinieleza kwa vidole na macho,
yupo wa jiwe, amelala ubavu ndani ya mwamba,
unyayo wake mmoja unamzidi Kusuma urefu.
Bibi yake alimpeleka kumwona, yeye wa miaka minne;
akadhani mgonjwa, akalia:
nani anampikia uji?

Mimi mtoto wa chuo, wa Msambweni.
Nimefunzwa sanamu ni jiwe na jiwe halisikii.
Nikamuuliza, kwa jeuri kidogo, nakiri:
"Anakupa nini?"

Akacheka. "Hapana kupa."
Akafungua leso: asumini saba za bustani ya mama Thuwaiba,
alizoziokota alfajiri kabla sijazifagia,
zimekwisha kuungua ncha.
Akazipanga ukutani moja moja,
kama apangavyo vikombe vya wageni.
"Leo nyeupe. Kesho…" akakunja kiganja.
"Mimi hivyo. Madamu hivyo." Akanitazama. "Wewe hivyo."

Nilikuwa na la kumjibu. Aya ilikwisha nifika ulimini,
*kila nafsi itaonja*,
nikaimeza.
Ilikuwa ileile.

Mwagiliaji wa bustani, Mbangali mwenye mpira wa maji,
alituona. Hakusema kitu.
Aliukunja mpira upande wa pili, maji yasizifikie.

Sikuvua viatu vyangu. Lakini vyake nilivishika mimi,
kifuani, njia nzima ya kushukia,
kwa kuwa alikataa kuvivaa hadi chini.

Nyumbani palikuwa na nguru wa kukatwa, kanzu kumi na moja za pasi.
Usiku nikamkuta ameketi juu ya ndoo, nyayo zina malengelenge.
Nikampaka mafuta ya nazi.
Na kwa sababu nisiyoijua
nikaupima unyayo wake kwa mkono:
shubiri moja, na vidole vitatu.