Sekunde Kumi na Tisa

Nutsa amecheza roshanini, ghorofa ya tatu, Kutaisi,
soksi moja nyekundu, nyingine ya kaka yake.
Video ya sekunde kumi na tisa. Akairusha.
Kabla maharage hayajaiva, watu mia nne wameipenda.

Eteri, mama yake, aliitazama akacheka.
Mara ya pili, kicheko kikakatika:
nyuma ya bega la mtoto, kibao cha mtaa;
kambani, sare inayoning'inia,
jina la shule limeshonwa kifuani.
Na chini yake, mtu asiye na sura ameandika:
"Unarudi saa ngapi?"

Hakufoka. Alizima jiko,
wakakaa sakafuni, simu katikati yao kama sahani.
"Nionyeshe mlango huu unafungwaje."
Hapa, mama. Kisha hapa. Sasa bonyeza wewe.
Wakamripoti, wakamfungia nje.

Ndipo Nutsa akatelezesha kidole hadi ukurasa wa mama:
yeye mwenyewe, miaka mitatu, ndani ya beseni,
povu hadi kidevuni.
"Na hii, uliniuliza?"

Maharage yalipoa.
Eteri alifuta moja, akafuta nyingine,
mpaka ile ya pengo la jino la kwanza.
"Hiyo ibaki," Nutsa akasema,
"lakini iwe yetu."