Bomba Likikohoa

Kwa Chilongola, kibanda cha tatu ukishuka kutoka Sabasaba,
hedifoni zinaning'inia kichwa chini kama popo:
nyeusi, nyekundu, moja ya rangi ya ubuyu.
"Dada, ukivaa hizi dunia inazimika."
Akanivisha.
Kweli, ikazimika.
Midomo yake ikacheza bila neno,
bodaboda ikapita kama picha ya bodaboda,
muuza karanga akapanua kinywa kuita wateja
nikaona meno tu.

Elfu arobaini na tano. Nikamshusha hadi thelathini na nane
na kifuko cha kitambaa juu yake.

Nkuhungu, chumba kimoja na nusu
(ile nusu nagawana na pikipiki ya mwenye nyumba),
nikalala chali, nikafungulia kwaya,
nikasikia kitu kigeni:
mwimba besi anavuta pumzi kabla ya kiitikio.
Miaka sita naipenda kwaya hiyo,
sikujua ndani yake kuna mtu anachoka.

Usiku ule maji yalitoka.

Kwa asiyeishi kwetu, nieleze:
maji huja saa nane, saa tisa, siku yanayoijua yenyewe.
Tunaacha bomba wazi, ndoo tupu chini yake,
tunalala.
Bomba huanza kwa kukohoa,
linatema kutu,
kisha ndoo inaita, to, to, toto, tototototo,
na ua mzima unaamka, mabeseni yanagongana,
Sechelela anagombana na khanga yake gizani.

Mimi nilikuwa na yule wa besi.

Asubuhi ndoo yangu moja imejaa, imefurika,
imechimba mfereji hadi mlangoni kwa mwenye nyumba,
na mapipa yangu mawili makavu, yananitazama.
"Niligonga," Sechelela akasema. "Niligonga kwa mwiko.
Nikadhani umekufa, nikaona basi nikinge yangu kwanza."

Nikarudi kwa Chilongola.
"Zina ubovu gani?"
"Hazina ubovu. Ndiyo ubovu wake."

Akanipa vile vidogo vya kuchomeka, visivyo na waya.
Nikatembea navyo hadi kona ya benki na kurudi, kwa majaribio;
upepo wa Julai wa Dodoma, ule unaokausha midomo hadi ipasuke,
ukang'oa cha kushoto.
Tulikitafuta vumbini watu watatu,
mmoja hata simjui, alipiga magoti na suruali yake ya ofisini.
Akanipa vya waya. Waya ukanasa hereni.
Akanipa vya kupitia shingoni. Nikafanana na ng'ombe wa kulimia.

Nyuma ya boksi la chaja nikaziona:
utepe mwembamba wa chuma, sponji mbili za kijivu
kama vipande vya kusugulia masufuria.
Chilongola akaona haya.
"Hizo zinavuja, dada. Muziki unatoka, kelele zinaingia."
"Kiasi gani?"
"Elfu nane. Lakini zinavuja."
"Nipe."

Sasa naenda kazini kwa miguu, dakika arobaini,
na nyimbo zangu hazijawahi kuwa safi.
Honi inaingia katikati ya ubeti.
Ilimba niliyorekodi kwa simu harusini Chamwino
inachanganyika na mabati ya kiwanja kinachojengwa
hata sijui msumari upi ni wa mpigaji na upi wa fundi.
Mwendesha boda akinipigia kelele, "Wewe dada, pembeni!"
nasogea pembeni.

Kuna kilichopotea, sitadanganya.
Pumzi ya yule wa besi siisikii tena.
Najua ilipo, tu. Wimbo ukifika pale
navuta ya kwangu.

Juzi, saa nane na dakika chache,
sponji moja sikioni, nyingine imeteleza shavuni,
nimevuta, nimeishikilia,
na nje, gizani, bomba likakohoa.
Nilifika kabla ya Sechelela.
Nikamgongea. Kwa mwiko.