Wa Kwanza Kutoka

Bwana Maeng, huku Chuncheon ukungu umepanda tena kutoka ziwani,
umemeza daraja, umemeza taa za stesheni,
nami niko zamu ya usiku peke yangu
na kopo la tambi baridi alizonifungia mama.

Kesho saa moja asubuhi nchi nzima itanunua tiketi.
Treni za sikukuu ya mavuno:
watu milioni, kidole kimoja kila mtu,
vyote juu ya kitufe kilekile,
kila mmoja akitaka kulala kwao, karibu na kaburi la babu yake.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya?
Wewe ukisoma namba, mimi nikichapa.
Seva ya kwanza, bwawani. Ya pili, bwawani.
Vitambulisho virefu kama nasaba za wafalme,
na herufi moja ikiteleza, turudi mwanzo.
Mwaka ule wa mvua tuliambatisha thelathini na tisa kabla ya mapambazuko,
ya arobaini ukaiingiza bwawa lisilo lake,
ukacheka hadi miwani ikakuanguka.
Abiria wa Busan hawakucheka.

Sasa nimeandika hati ya amri.
Si ndefu: mistari sitini na mmoja,
na kumi kati yake ni maelezo kwa atakayenifuata.
Inazunguka wingu zima ikimuuliza kila seva:
Uko macho?
Umetoka kiolezo kimoja na wenzako?
Mnakaa mtaa mmoja?
Una bwawa jingine?
Anayejibu sawasawa anaingizwa, bwawa linajihesabu upya,
mgawa mzigo anamfungulia mlango,
naye anaanza kupokea wageni kabla hajajua jirani yake ni nani.
Anayekosa jibu moja anabaki nje. Hati haina muhali.

Saa nane usiku nikaiachia.
Nikakunja mikono.
Kukunja mikono kazini, Bwana Maeng! Sikujua niiweke wapi.
Thelathini. Thelathini na moja.
Tambi zikavimba kwenye kopo.

Kisha ikafika kwenye ile yako.
Unaijua: uliyoiwasha kwa mkono miaka sita iliyopita
ukaipa jina la mbwa wako, Gureum,
wingu ndani ya wingu, ukaona umefanya mzaha mkubwa.
Miaka yote imesimama kando ikitunza kumbukumbu za usiku,
hakuna aliyethubutu kuizima.
Nilidhani itakataa.
Ndiyo, ikasema. Ndiyo. Ndiyo. Hapana.
Ikaingia.
Jina likabaki lake, ila bwawani majina hayasomwi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kanuni,
ile ya maandishi madogo tuliyoipita mbiombio:
mzigo ukipungua, bwawa hupungua,
na likipungua, huanza na aliyetangulia.
Halimwagi mtu, halimuagi pia.

Saa moja walikuja kama maji ya bwawa la Soyang yakifunguliwa.
Hakuna kilichoanguka.
Gureum alibeba watu kama wengine, hakuzidi, hakupungua,
bibi mmoja wa Gangneung huenda alipata kiti cha dirishani
kwa mkono wa mbwa wako.

Saa nne Bi Ban akanipigia. Kazi safi, akasema.
Kwa hiyo zamu ya usiku tutaifunga mwezi ujao.
Alisema "kwa hiyo" kwa upole sana.
Nikajikuta nahesabu: baada yako,
katika timu hii, nani alitangulia?

Saa tano mzigo ukaanza kushuka.
Hati ingeweza kuitoa kwa amri moja, najua,
niliiandika mimi.
Lakini nilifungua dirisha tupu
nikachapa kitambulisho chote kwa vidole,
nikakosea mara mbili, nikarudi mwanzo mara mbili,
polepole, nikisubiri kila tarakimu
kana kwamba kuna mtu nyuma yangu
anaisoma.