Msala

Daftari la skuli, mistari mipana,
nyuma ya jalada jedwali la kuzidisha.
Nimeandika juu: Choo cha Mama, Michenzani, ghorofa ya tano.
Nikapiga mstari kwa rula
kama mtu anayejua alitendalo.

Saruji, mifuko minne.
Mchanga, na hapo kalamu ikasita:
mchanga siku hizi unapimwa kama dhahabu ya bibi harusi,
na hamali hatozi kwa mfuko, anatoza kwa ngazi.
"Ghorofa ya pili elfu mbili, dada. Ya tatu tutasemezana.
Ya tano ile ni safari, inataka na chai."
Nikaandika: Safari.
Nikaandika: Chai.

Fundi Ussi akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama achaguaye fenesi sokoni.
Ukuta ukaitika kwa sauti ya maji.
"Bomba hili hirimu yangu," akasema,
"na mimi nimeshapasuliwa mara mbili."
Nikaongeza bomba jipya, futi ishirini.
Jumla ikapanda ngazi peke yake, bila hamali.

Chini yetu anakaa Bi Zuwena.
Mwaka wa nne huu beseni liko juu ya kabati lake.
Hajapandisha sauti hata siku moja.
Ramadhani iliyopita alituletea sahani ya kaimati,
na kando ya kaimati, chini ya kawa lilelile,
kibanzi cha dari yake.

Talib, kaka yangu, kutoka Maskati
katuma picha: bafu la vioo, maji yashuka kama mvua ya vuli.
"Kama hili, au?"
Nikamwandikia bei.
Vema mbili za buluu, kisha kimya cha jangwani.

Basi nikaanza kufuta.
Kioo, futa. Hita, futa.
Taili za hadi darini zikashuka hadi kiunoni,
zikashuka tena hadi magotini,
na nyeupe zikawa zile za kijani
alizozikataa mteja wa Fuoni.
Nilipofika kwenye shikio la chuma la ukutani
kalamu ikagoma.
Tangu alipoanguka akaumia nyonga
Mama huchuchumaa kashika mdomo wa mfereji,
nami nje ya mlango nahesabu pumzi zake,
nakohoa ili ajue nipo.

Lugha yetu haioni haya:
msala ni mkeka wa kusujudia,
msala ni pale uendapo na kopo la maji.
Kwenye ule wa kwanza Mama husali kakaa kitini.
Kwenye wa pili hakuna kiti.

Zimepungua laki nne na nusu.
Akaja na mkongojo wake, na kopo la maziwa ya unga.
Noti zilinuka kafuri.
"Za nini hizi?"
"Za sanda."
Nikafunga daftari. Akalifungua.
"Nikifa, mwanangu, Michenzani nzima itachanga,
hata wasionijua watatoa.
Umepata kusikia mtu kachangiwa choo yu hai?"

Kwenye safu ya mapato niliandika: Mama.
Nikafuta. Nikaandika: Sanda, mkopo.
Akachungulia bila miwani,
akacheka hadi akashika nyonga.

Siku tisa alishuka kukoga kwa Bi Zuwena,
kidato kimoja, pumziko moja.
Ya kumi sahani ikarudishwa, na sahani hairudi tupu:
mkate wa kumimina, wa moto,
na kando yake, chini ya kawa,
kipande cha taili ya kijani.

Hesabu bado haijafunga.
Imebaki elfu thelathini, ya safari na chai.
Jioni hamali hunisubiri chini ya ngazi.
Hanidai.
Ananiamkia tu,
na kila siku anaongeza neno moja la heshima.