Rangi ya Kumi na Mbili

Ukuta wa ua wetu umepakwa rangi mara kumi na moja.
Najua, maana mimi ndiye nibakiaye na sakafu,
nikikwangua matone kwa kisu cha viazi
hapa El Alto, ambako maji ya ndoo
hubaki barafu hadi saa nne asubuhi.

Leo wanakuja wa mara ya kumi na mbili.

Alfajiri mkurugenzi kapita vitandani:
vaeni sweta kuukuu. Zile mpya
zimo kabatini, ufunguo umo mfukoni mwake.
Yhoselin, miaka sita, akanifuata jikoni:
"Leo tuna huzuni, au tunaimba?"
"Huzuni kwanza," nikamwambia. "Kisha mnaimba.
Kisha keki."

Wakashuka tisa, midomo imegeuka zambarau.
Hewa ya huku haimkopeshi mgeni.
Nikawachemshia majani ya koka, wakanywa
kama watu watiao saini karatasi wasiyoisoma.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa huwapa brashi siku ya kwanza,
na ya pili hawapo.

Mmoja ni Solveig. Alivyoishika brashi
nikajua si mgeni wa kazi.
Baba yake alipaka meli rangi, alisema
kwa Kihispania cha kuokota okota.
Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.
"Huu mzima. Mgonjwa ni yule,"
akanyoosha mkono: paa la bweni la wavulana,
bati lililotoboka, na chini yake ndoo tatu.
Mkurugenzi akacheka, akamkabidhi kopo.
Rangi ya chungwa.
Paa halitokei vizuri pichani.

Picha! Wilmer alibebwa mara saba,
mvulana wa miaka minane, miguu inaburura.
Kila ambebaye alimuuliza jina,
naye kila mara akataja jipya:
Rubén, Kapteni, Sabuni.
Mwisho akasema, "Alhamisi,"
na hilo likashika. Alhamisi, njoo! Alhamisi, tabasamu!

Nilikuwa namenya vitunguu, kwa hiyo
hakuna aliyeniuliza macho yangu yana nini.

Alhamisi ndiyo siku ya soko.
Alhamisi mama yake Wilmer
hukunja turubai lake la viazi vikavu,
hutembea dakika arobaini, huleta mkate.
Ndiyo, mama. Yu hai, ana goti bovu,
ana deni, na ana sauti ya kupigia bei.
Leo ameambiwa langoni: rudi kesho,
tuna wageni.

Mkate niliupokea kupitia dirisha la jikoni.
Ulikuwa bado na joto la kifua chake.

Jioni Solveig alikuja kusugua masufuria nami.
Hakuomba ruhusa. Alisugua hadi chini,
mahali ambapo hata mimi husamehe.
"Ningefanya nini badala yake?" akauliza,
mgongo kanipa.
Miaka kumi na minne niko hapa. Nilikuwa na majibu,
tena mengi, lakini mshahara wangu
hutoka mkono uleule unaotoa rangi.
Nikampa kitambaa cha kukaushia.

Kwenye basi wakalia, karibu wote.
Yhoselin alimpapasa mmoja mgongoni,
pole pole, kama mtu mzima msibani:
"Usilie. Wengine watakuja."

Sasa ni usiku. Ua unanuka mafuta ya taa.
Wilmer kachuchumaa penye kona, kijiko mkononi,
mkate kinywani, anakwangua rangi mbichi:
chungwa, kijani, bluu, bluu nyingine,
waridi lililodumu wiki tatu tu.
Napaswa kumkataza.
Nashika taa, nainamisha mwanga.

Anafika kwenye manjano, anasimama.
"Hii," anasema. "Hii ilikuwepo nilipoletwa."
Anaipuliza vumbi,
kisha anageuza kijiko, anaendelea kuchimba.